Fundi Anajibu: Skopu za Kijerumani, zisome kwanza kabla hujashika bisibisi

Mwezi huu meseji zimekuja nyingi za kitu kimoja, skopu za zamani za Kijerumani, zile darubini zinazokaa juu ya bunduki, na nimeona badala ya kumjibu kila mtu pembeni niziweke tano hapa tusome wote. Kazi yangu mimi ni lenzi, saa, kamera na darubini, kibanda kipo Majengo hapa Dodoma. Bunduki yenyewe, yani kutoboa chuma au kugusa chemba, pale risasi inapokaa, siifanyi na wewe usiifanye nyumbani, hiyo ni ya fundi mwenye leseni ya silaha na kwa bunduki ambayo ina kibali kwa jina lako, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 ipo na haina mchezo. Ukija na bunduki nitakuomba karatasi kwanza hata kama tunasali pamoja. Haya tuendelee.

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Manyoni. Marehemu baba alikuwa na bunduki ya Mauser ya risasi 9.3x62, taratibu za polisi nimemaliza na sasa ipo kwa jina langu kihalali. Juu ina skopu imeandikwa Carl Zeiss Jena, chini yake Zielvier na namba ndefu. Wazee wanasema ni ya enzi za Mjerumani, kweli? Na je naweza kuitoa niihamishie kwenye bunduki yangu nyingine ya .30-06?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mzee. Umefanya la maana kuanza na polisi, maana wengi wanadhani bunduki inarithiwa kama shamba, unaichukua tu ukutani unaendelea nayo, alafu matatizo yanaanza.

Nianze na jina maana limejieleza lenyewe. Ziel kwa Kijerumani ni shabaha, vier ni nne, kwa hiyo Zielvier inakuza mara 4, basi. Ukikuta Zielsechs hiyo ni mara 6, Zielacht ni mara 8, na kuna kadogo kanaitwa Zielklein, klein ni ndogo, kenyewe kanakuza mara 2 na robo. Ukijua kuhesabu Kijerumani mpaka nane umeshamaliza nusu ya kazi kwa skopu za Zeiss za miaka ile.

Sasa hilo la enzi za Mjerumani. Huku kwetu kanda ya kati kila chuma kizee ni cha Mjerumani, na nawaelewa wazee wetu, reli wanaiona, boma la Kilimatinde liko hapohapo kwenu, kwanini wasiseme hivyo. Lakini Mjerumani alitoka nchi hii na vita kuu ya kwanza, na haya majina ya Ziel Zeiss waliyatumia sana katikati ya zile vita kuu mbili, wakati huo hapa anatawala Muingereza. Kwa hiyo skopu ni ya Mjerumani kwa maana ya aliyeitengeneza, ila enzi sio zile wanazosema wazee. Risasi ya 9.3x62 ndio ya zamani zaidi, Otto Bock wa Berlin aliitoa 1905, na walowezi wa Afrika waliipenda kwasababu inaingia kwenye Mauser 98 ya kawaida bila kuhitaji bunduki maalum ya bei kubwa, na bado inaangusha mnyama mkubwa. Inawezekana bunduki ilikuja kwanza na skopu ikafuata baadae, hilo limetokea sana.

Kuna kipimo kimoja ukifanye usiku ndani. Toa risasi zote, toa na bolti, kile chuma cha kufungia nyuma ya mtutu, uiweke mezani, washa taa ya juu, alafu inamisha skopu mpaka uone taa inajiangalia kwenye kioo cha mbele. Kama kile kitaa kinachoonekana ni cheupe tupu, kama kinavyoonekana kwenye kioo cha dirisha, lenzi hazikupakwa dawa ya kupunguza mwanga unaorudi nyuma. Kama kina rangi ya bluu au zambarau, ile rangi ya petroli ikimwagika kwenye dimbwi, basi zimepakwa. Zeiss waliigundua hiyo dawa 1935, aliyeifanyia kazi ni Alexander Smakula, na skopu isiyo na rangi mara nyingi ni ya kabla dawa hiyo haijaenea. Nasema mara nyingi kwasababu skopu nyingine zilirudishwa kiwandani miaka ya baadae zikapakwa, kwa hiyo kipimo hiki peke yake hakitoshi kusema mwaka.

Kuhamisha sasa, na hapa nisikilize vizuri. Angalia chini ya ringi ya mbele, ile pete inayoshika bomba la skopu. Kama bunduki ya mzee ni kama nyingi nilizoziona za aina hiyo, utakuta makucha mawili mafupi yanaingia kwenye vishimo viwili kwenye besi, kile kipande cha chuma kinachobeba ringi, iliyoko juu ya mtutu, na ringi ya nyuma nayo ina makucha yake na pembeni kuna kitufe au kikono kidogo. Ukisukuma kile kikono nyuma inaachia, unainyanyua skopu kama unavyofungua boneti ya gari, na mbele inachomoka yenyewe. Kuirudisha ni kinyume chake, inatoa mlio mmoja mdogo, tak, na kama kazi ni nzima risasi inarudi palepale ilipokuwa inapiga jana. Ufungaji huu ndio uliowapa sifa mafundi wa mji wa Suhl. Yale makucha hayakutoka kiwandani yakiwa tayari, fundi alikuwa anayapaka masizi ya mshumaa, anayaingiza kwenye besi, anayatoa, anaangalia masizi yamefutika wapi, anapiga tupa mara moja au mbili pale tu, anapaka tena. Siku nzima inaweza kuisha kwa ukucha mmoja.

Sasa mwanangu ukinielewa hapo utaona mwenyewe kwanini haihami. Makucha yale yalichongwa kwa besi ile ya bunduki ile. Kwenye .30-06 yako hayataingia, na fundi mwenye haraka atakwambia anakata ringi za zamani anaweka mpya, na akishakata umepoteza kitu ambacho kukitengeneza tena upya ni gharama kuliko bunduki. Chukua tochi uangalie chini ya ringi au ubavuni mwa besi, mara nyingi fundi alikuwa anagonga tarakimu za mwisho za namba ya bunduki. Zikifanana na za Mauser ya baba, basi hivyo vitu viwili vimezaliwa pamoja, viache pamoja. Ile ndefu iliyo kwenye bomba ni namba ya skopu yenyewe kutoka Zeiss, usitegemee ifanane na ya bunduki. Kwa .30-06 tafuta skopu nyingine.

SWALI: Mambo vipi fundi, niko Kongwa. Babu yangu alifanya kazi kwenye ule mpango wa karanga wa Waingereza. Kwenye sanduku lake tumekuta skopu fupi nyeusi haina jina la kampuni kabisa, ina herufi bmj na namba tu. Kuna mtu kaniambia isiyo na jina ni feki. Na nilikuwa nataka niipige msasa ing'ae kidogo.

JIBU: Poa kabisa, ila msasa uweke chini kwanza, tafadhali.

Sio feki. Wakati wa vita ya pili viwanda vya Ujerumani viliacha kuandika majina kwenye vifaa vya jeshi, vikapewa herufi tatu ndogo, ili adui akiokota kifaa asijue kimetoka mji gani akaenda kuupiga mabomu. bmj ni Hensoldt wa Wetzlar. Ukikutana na blc ni Carl Zeiss Jena, beh ni Leitz wa Wetzlar, haohao wa kamera za Leica, ddx ni Voigtländer wa Braunschweig, cxn ni Emil Busch wa Rathenow, cad ni Kahles, huyu ni wa Vienna kule Austria na watu wanamuita Mjerumani kimakosa. Andika pembeni ya daftari, zitakusaidia.

Na Kongwa ilifikaje? Mpango wa karanga ulianza 1947, vita imeisha juzi tu, Waingereza walileta watu wengi waliotoka jeshini na mitambo iliyobaki vitani, mpaka vifaru vilibadilishwa vikawa matrekta ya kung'oa vichaka. Mtu aliyetoka kupigana Ulaya kuja Kongwa na skopu aliyoichukua kule kwenye begi lake halinishangazi hata kidogo, alafu mradi ukafa 1951 watu wakaondoka wakaacha vitu au wakawapa waliofanya nao kazi.

Ile rangi nyeusi iliyochakaa, herufi, namba, hata mikwaruzo ya pale iliposhikwa na ringi, ndio ushahidi wa kitu chenyewe. Ukipiga msasa unabaki na bomba la chuma linalong'aa lisilosema chochote. Futa vumbi kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya cherehani, nje tu, usiguse vioo, ifunge kwenye pamba. Na uulize bibi kama anakumbuka jina la bosi wa babu, uliza sasa hivi wakati yupo.

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi ni mama mjane niko Ipagala. Mume wangu aliacha skopu peke yake haina bunduki, imeandikwa Carl Zeiss Jena na ina herufi T nyekundu. Kuna vijana wawili wamekuja wanasema hiyo T ina maana ndani kuna zebaki nyekundu, ni mamilioni, ila nitoe kwanza laki tatu ya kuleta mtaalam wa kuipima. Nifanyeje?

JIBU: Nzuri mama, na pole. Usitoe hata shilingi moja na usiwape skopu waondoke nayo.

Hiyo T nyekundu ni alama ya Zeiss kuonyesha kwamba lenzi zimepakwa ile dawa niliyoieleza hapo juu kwa kijana wa Manyoni, ya kupunguza mwanga unaorudi nyuma kwenye kioo. Kioo kisichopakwa kinarudisha karibu asilimia 4 ya mwanga kila upande wake, na skopu ina vioo vingi mama, kwa hiyo jioni jua likizama unaona giza mapema. Kikipakwa unaona vizuri dakika kadhaa zaidi. Ndio kazi ya T, hakuna zaidi ya hapo. Waliiweka rangi nyekundu ili ionekane, kama walivyofanya kwenye lenzi za kamera zao. Nimefungua skopu za namna hiyo mezani kwangu: ndani kuna lenzi, pete za shaba zenye uzi wa kukazia, mistari ya kulengea, grisi iliyokauka, na hewa. Hakuna zebaki wala madini.

Maneno haya ya mali ya Mjerumani yameliza watu wengi hapa Dodoma na Singida, leo ni skopu, kesho rupia, keshokutwa ramani ya kwenye pango, na kila mara kuna mtaalam wa kulipwa kwanza. Wakirudi waambie unaenda nao kituo cha polisi mkaulizie pamoja. Ukipenda kuiuza, thamani yake ipo, ni ya kawaida tu ya kifaa kizuri cha zamani, na mnunuzi wa kweli ataomba kuichungulia, hatakuomba hela. Ukiichungulia wewe mwenyewe ukaona safi, bila ukungu, basi imetunzwa vizuri, mumeo alikuwa mtu makini.

SWALI: Fundi mwenzangu salaam. Mimi nina leseni ya kutengeneza silaha, niko Itigi, wateja wangu wengi ni wa upande wa Rungwa. Mteja kaleta skopu ya Hensoldt Wetzlar na Mauser 98 iliyokuwa ya jeshi, anataka nimfungie. Ringi za inchi moja zinakataa kukutana, nimewaza nikaze kwa nguvu mpaka zikubali. Mzee mmoja kaniambia nichomelee ringi kwa lehemu kama zamani. Unasemaje?

JIBU: Salaam sana mwenzangu. Nafurahi umeuliza kabla, maana hilo la kukaza kwa nguvu ndio linaua skopu nyingi kuliko hata kudondoka.

Chukua venia, kile kipimo cha unene, upime bomba sehemu tatu, mbele ya kitufe cha kurekebishia, nyuma yake, na pale ringi itakapokaa. Inchi moja ya Wamarekani ni milimita 25.4. Mjerumani wa zamani hakufanya kazi na inchi, utapata 26, au 26.5, na kuna nyembamba za 22 na nene za 30. Tofauti ya 25.4 na 26 unaiona ndogo, haifiki hata milimita moja, lakini ringi ya duara dogo juu ya duara kubwa haishiki mwili mzima, inang'ata kwenye kingo tu. Niliwahi kuletewa bomba lililobanwa hivyo, limeingia ndani sehemu mbili kama kiuno cha nyigu, na vitu vya ndani vimebanwa navyo, unazungusha kitufe mpaka mkono unachoka na risasi haihami. Kwa hiyo tafuta ringi za 26 kweli, au kama una leth nzuri, mashine ya kuchongea, chukua ringi za chuma, sio aluminiamu laini, uzitanue, umalizie kwa ile pesti ya kusagia valvu na chuma cha mviringo ulichokichonga kipimo cha bomba lako. Usisagie na skopu yenyewe.

Ukishapata ringi, laza bomba kwenye nusu za chini bila kufunga za juu. Linatakiwa likae kama mtoto kwenye mbeleko. Funga ringi ya nyuma peke yake kwa vidole, alafu angalia mbele: kama bomba limenyanyuka au limeenda pembeni hata unene wa karatasi basi besi zako haziko sawa, rekebisha besi, usilazimishe bomba likanyoosha makosa ya besi.

Sasa la lehemu. Chukua sumaku. Ikinata, bomba ni chuma, na hao ndio waliokuwa wanachomelewa ringi. Isiponata ni aluminiamu ngumu wanayoiita Dural, Hensoldt wenyewe waliandika mpaka kwenye jina, Dural-Dialytan, na hiyo haishiki lehemu, ukipeleka moto unaiharibu tu. Ndio sababu skopu nyingi za aluminiamu za baadae zina reli chini ya tumbo, mfungaji anashika reli hiyo kwa skrubu na bomba haligusi. Angalia kama yako ina reli, kama ipo tafuta besi za reli, achana na ringi kabisa.

Ikiwa ni chuma, mzee wako hajakudanganya, walichomelea kweli. Ila walikuwa wanatoa lenzi zote kwanza. Lehemu ya bati na madini ya risasi inayeyuka kuanzia nyuzi 183, na lenzi za zamani zimegandishwa mbilimbili kwa utomvu wa mti unaoitwa balsamu ya Kanada, ambao hauhitaji hata karibu na joto hilo kulainika. Hili nimelipa mimi mwenyewe. Miaka ya nyuma nilikuwa kijana nina haraka, mzee mmoja alileta skopu ringi ya mbele imeachia, nikaona kutoa lenzi ni kazi ya siku mbili, nikafunga matambara mabichi kwenye bomba nikapeleka moto taratibu. Ringi ilishika vizuri. Asubuhi nikachungulia nikaona kwenye kioo cha mbele mistari kama mizizi, inatoka pembeni kuja katikati, ina rangi za upinde wa mvua, lenzi mbili zimeachana. Ilikuwa ya baba yake yule mzee. Nilimwambia ukweli nikamlipa kwa awamu, ila hela haikurudisha kile alichokuwa anaona kwenye ile skopu, na mpaka leo nikishika gesi mkono unasita. Kwa hiyo kama hujawahi kutoa lenzi na kuzirudisha kwa mpangilio wake, usichomelee. Na jambo lingine, skopu yenye ringi za lehemu usije ukaiweka kwenye ile rangi nyeusi ya kuchemsha kwa kostiki, kostiki inakula lehemu, ringi zitakudondokea mkononi.

Upande wa bunduki, Mauser ya jeshi ina mambo mawili. Moja ni kono la bolti, likinyanyuliwa linaenda juu na kugonga skopu iliyokaa chini. Pili ni ile sefti ya bawa, inazunguka juu ya bolti kutoka upande mmoja kwenda mwingine na yenyewe inahitaji nafasi. Wajerumani walijibu kwa kuinua skopu, ukiangalia za zamani zimekaa juu sana na chini kuna dirisha la kutumia saiti za chuma. Wengine walibadilisha kono na sefti. Muulize mteja anataka nini kabla hujaanza, akitaka skopu chini aelewe kuna kazi nyingine mbili za kulipia, akitaka juu aelewe shavu lake halitalala kwenye kitako kama alivyozoea.

Umbali wa jicho, nyingi zinataka kama sentimita 8 kutoka kioo cha nyuma. Usimpimie mteja amesimama wima kama anapigwa picha ya kitambulisho, mwambie afumbe macho, aweke bunduki tupu begani anavyofanya porini, afumbue. Sogeza skopu mbele mpaka picha ianze kuwa na kivuli pembeni, rudisha kidogo, acha hapo. Bunduki yenye teke ikiwa na skopu karibu na jicho inapasua nyusi. Mistari inyooshe kwa kamba yenye jiwe, ining'inize kwenye ukuta mita 20 mbele, nguzo ya ndani ilale sambamba na kamba, hiyo ni bora kuliko jicho lako na langu. Alafu safisha skrubu na nyuzi zake mafuta yote kwa petroli kidogo, weka gundi ya skrubu, kaza kwa kupishana, hii kidogo na ile kidogo. Nitumie picha ukimaliza.

SWALI: Fundi za saa hizi. Niko Kondoa, nina skopu ya zamani ya Kijerumani kwenye bunduki yangu yenye kibali. Nina maswali matatu. Ina kitufe kimoja tu juu, cha pembeni hakuna, kimepotea? Mistari ya ndani ni nguzo tatu hazikutani na zimekaa upande kidogo sio katikati. Na asubuhi za Juni na Julai kuna ukungu ndani.

JIBU: Nzuri ndugu. Hakijapotea, nyingi za zamani zina kitufe kimoja tu cha juu na chini. Namba zilizoko pale 1, 2, 3 ni mamia ya mita, 1 ni mita 100 na kuendelea, zimepigwa kwa risasi ambayo mwenye bunduki wa kwanza alitumia, kwa hiyo usiziamini mpaka uhakikishe sehemu halali ya kulengea. Kushoto na kulia kunarekebishwa kwenye besi ya nyuma, angalia utaona skrubu mbili zinazosukumana pande mbili. Unalegeza moja robo mzunguko unakaza nyingine robo. Kabla ya kupoteza risasi toa bolti, weka bunduki juu ya mifuko ya mchanga, chungulia ndani ya mtutu mpaka jiwe jeupe lililoko mita 50 likae katikati ya mtutu, alafu bila kutikisa bunduki angalia kwenye skopu. Mistari inatakiwa iwe karibu na jiwe hilo. Kama iko mbali kulia au kushoto anza na besi.

Mistari kukaa upande ni kawaida kwa hizo. Kwenye skopu za leo picha ndio inahama na mistari inabaki katikati, zile za zamani mistari yenyewe inatembea. Kama imehama sana mpaka inakaribia ukingo wa picha, hapo ndio ujue besi haijakaa sawa na mtu aliyetangulia alikuwa analipa deni la besi kwa kitufe. Na zile nguzo tatu, mbili za pembeni na moja ya chini yenye ncha, unalengea kwa ncha ya ile ya chini, pale juu kabisa. Hazitakiwi kukutana. Jioni gizani zinaonekana wakati msalaba mwembamba umeshapotea, mimi mwenyewe nazipenda kuliko msalaba.

Ukungu. Skopu hizo zimejaa hewa ya kawaida na zimezibwa kwa grisi, baada ya miaka 70 au 80 grisi imekauka, inavuta unyevu wa masika na baridi ya Juni inaugeuza maji kwenye kioo. Angalia saa nne jua likiwa limepanda. Ukungu ukiondoka wenyewe, itoe skopu, iweke kwenye boksi linalofunga vizuri pamoja na vile vipaketi vya silika vinavyokuja kwenye viatu vipya, vipaketi kumi au zaidi, wiki tatu, usifungue fungue. Usiianike juani juu ya bati, balsamu hiyohiyo itakuadhibu. Kama ukungu hauondoki saa nne, au unaona kama utando wa buibui wenye matawi, huo ni fangasi umeota kwenye kioo, usisubiri masika mengine maana unakula kioo chenyewe, inatakiwa ifunguliwe.

Na vumbi letu hili la Kondoa na Dodoma ni mchanga, ukilifuta kavu kwa kanga umepiga msasa lenzi. Puliza kwanza kwa kile kipira cha kuvutia mafua ya watoto, mara kumi, ndio ufute kwa pamba safi yenye spiriti kidogo, kutoka katikati kwenda nje. Ukija nayo njoo Jumamosi asubuhi, siku ya mnada wa Msalato, magari ya kutoka kwenu yanakuwa mengi, bunduki iache nyumbani ilipofungiwa uje na skopu tu.